Nikisaini leseni ya kipekee, je, bado nitaruhusiwa kuuza nyimbo zangu mwenyewe?

Tungo Tulivu aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari zenu. Mimi ni mwanamuziki wa kujitegemea. Natunga, naimba na kurekodi mwenyewe, sina lebo wala meneja. Kwa miaka minne sasa nimekuwa nikiwauzia wasikilizaji nyimbo zangu moja kwa moja kupitia Bandcamp, na baadhi yake nimezipeleka kwenye majukwaa ya kusikilizia kwa kutumia msambazaji wa kidijitali. Kipato si kikubwa, lakini kinaingia, na wanunuzi wangu wengi nawafahamu kwa majina kwa sababu huniandikia wakinitajia mpaka ubeti uliowagusa.

Wiki mbili zilizopita kampuni moja inayowapatia watengenezaji wa filamu na matangazo muziki wa kuweka kwenye kazi zao iliniandikia kwamba imependa nyimbo zangu sita, ikanitumia mkataba wa kurasa tisa. Kifungu kinachoninyima usingizi ni cha tatu, nami nakinukuu kama kilivyo: "Mtunzi anaipa Kampuni, na Kampuni peke yake, haki ya kunakili, kusambaza, kuuza, kutangaza na kutoa leseni za Kazi zilizoorodheshwa, kwa njia yoyote inayojulikana sasa au itakayobuniwa baadaye, duniani kote, kwa kipindi cha miaka mitano kitakachojirudia chenyewe." Kifungu cha nne, mara tu baada ya hicho, kinasema kwamba umiliki wa hakimiliki unabaki kwangu.

Nilipompigia simu mwakilishi wao na kumuuliza kama nitaendelea kuuza nyimbo hizo, alinijibu kwa upole kwamba nyimbo ni zangu na nisiwe na wasiwasi. Nami nataka kumwamini, ila neno "kuuza" limo ndani ya kifungu cha tatu, na mbele yake yapo maneno "peke yake". Naomba mwenye uzoefu anisaidie kuelewa: nikisaini, je, nitalazimika kuziondoa nyimbo hizo kwenye ukurasa wangu wa mauzo? Na kuziimba jukwaani je?

Niongeze mambo mawili ambayo bado sijamwambia mwakilishi huyo. Wimbo mmoja kati ya hizo sita niliutoa miaka miwili iliyopita kwa leseni ya Creative Commons ili wanaotengeneza filamu fupi wautumie bure, na mwingine umejengwa juu ya biti niliyoilipia mtandaoni kwa ile leseni ya bei ya chini.

Kalamu ya Mkataba alijibu:

Ndugu Tungo, jibu la swali lako la kwanza ni kwamba ukisaini kifungu hicho kama kilivyo, hutakuwa na ruhusa ya kuuza hata nakala moja ya nyimbo hizo kwa miaka mitano, ingawa kifungu cha nne kinakuita mmiliki. Vifungu hivyo viwili havipingani. Mwenye nyumba aliyepangisha chumba anabaki na hati yenye jina lake, lakini hawezi kuingia usiku na kulala humo maadamu mpangaji ana mkataba.

Watu wengi wanadhani kwamba upekee unawazuia watu wengine tu, na kwamba mwenye mali siku zote anabaki ndani ya mlango. Sivyo. Sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1988, katika kifungu cha 92, inaieleza leseni ya kipekee kuwa ni ile inayomruhusu aliyepewa kutumia haki fulani huku watu wengine wote wakizuiwa, akiwemo aliyeitoa leseni yenyewe. Sheria ya Marekani ya mwaka 1976 inakwenda mbali zaidi, kwa kuwa inaihesabu leseni ya kipekee kuwa ni aina ya uhamisho wa umiliki wa haki, na ndiyo maana inataka iwe kwa maandishi yaliyosainiwa na mwenye haki. Kwa leseni isiyo ya kipekee sharti hilo halipo. Kwa hiyo mwakilishi aliposema nyimbo ni zako hakusema uongo, ila hakujibu ulichomuuliza.

Hata hivyo upo upenyo wako. Haki za wimbo hazikuumbwa kuwa kitu kimoja kinachotolewa chote au kunyimwa chote. Kwanza wimbo wako ni mali mbili: utunzi, yaani melodia na maneno, na rekodi, ile masta uliyoitengeneza studio. Pili, ndani ya kila mali kuna haki ya kunakili, ya kusambaza, ya kuonyesha kazi hadharani, ya kuoanisha muziki na picha, na kila moja inaweza kutolewa peke yake, kwa muda wake na kwa eneo lake. Kampuni inayofanya kazi na watu wa filamu na matangazo inahitaji kwa hakika ile haki ya kuoanisha muziki na picha. Kuuza nakala kwa msikilizaji anayetaka kuusikiliza wimbo akiwa nyumbani si biashara yake, na mara nyingi haina hata duka la kufanyia hivyo. Neno "kuuza" limeingia kwenye kifungu cha tatu kwa sababu mikataba ya aina hii huandikwa kwa kukusanya vitenzi vyote vilivyopo, na asiyeuliza huvitoa vyote.

Mimi ningewaandikia nikipendekeza maneno haya yaongezwe mwishoni mwa kifungu cha tatu: "Upekee uliotolewa hapa unahusu tu kuoanisha Kazi na picha zinazotembea. Mtunzi anabakiza haki ya kuuza na kusambaza rekodi za Kazi kwa wasikilizaji, kwa nakala za kidijitali na za kushikika, haki ya kuziweka kwenye majukwaa ya kusikilizia, ya kuziimba hadharani na ya kuzitumia katika kurasa na chaneli zake mwenyewe." Usikubali waandike tu kwamba "Mtunzi anaweza kuendelea kuzitangaza Kazi", kwa maana kutangaza si kuuza.

Kuhusu jukwaani: unapoimba moja kwa moja unatumia utunzi wako, hugusi masta. Kama mkataba unahusu rekodi pekee, uimbaji wako hauguswi. Tazama basi jinsi neno "Kazi" lilivyofafanuliwa kwenye ukurasa wa kwanza. Likitaja rekodi pamoja na utunzi, swali lako la jukwaani lina msingi, na tena utatakiwa kuangalia kama umekatazwa kurekodi upya wimbo ule ule. Ni kwa sababu utunzi na rekodi ni mali mbili kwamba Taylor Swift, ambaye masta za albamu zake za mwanzo zilikuwa mikononi mwa wengine, aliweza kuanza mwaka 2021 kutoa rekodi mpya za nyimbo hizo hizo.

Jambo la mwisho kwa leo: fungua kurasa za mwisho utafute kifungu kinachosema kwamba mkataba huu ndio makubaliano yote kati ya pande mbili na kwamba unafuta maneno yote yaliyotangulia. Nina hakika karibu kabisa kwamba kipo. Kikiwepo, yale maneno ya upole ya kwenye simu huenda yasiwe na uzito wowote siku mtakapokosana.

Mkono wa Kinanda alijibu:

Naunga mkono yote aliyoyasema Kalamu, na naongeza yaliyonipata ili ndugu Tungo aone hatari inavyoingia kwa mlango mwingine kabisa.

Miaka kadhaa iliyopita nilisaini leseni ya kipekee na kampuni ambayo sitaitaja, kwa nyimbo tatu za kinanda kitupu. Mauzo yangu walinibakizia kwa maandishi, nikafurahi. Sikuona kwamba kifungu kingine kiliwapa idhini ya "kusimamia na kukusanya mapato yanayotokana na Kazi katika majukwaa ya video". Baada ya miezi miwili nilipakia YouTube video yangu nikipiga kipande kimojawapo, kamera ikiwa imeelekezwa kwenye vidole vyangu, na sauti nikiwa nimeiweka ya ile ile rekodi niliyoitoa. Ndani ya dakika chache ikaja taarifa kwamba video ina muziki wa mtu mwingine, na kwamba mapato yote ya matangazo yatakwenda kwa mwenye haki. Mwenye haki aliyetajwa hapo alikuwa kampuni. Nilikaa nikiitazama taarifa ile nikiwa bado nimeketi kwenye kiti cha kinanda.

Kilichotokea ni kwamba kampuni ilikuwa imesajili rekodi zangu katika Content ID, ule mfumo ulioanzishwa na YouTube mwaka 2007 ambao hulinganisha sauti ya kila video na maktaba ya sauti zilizosajiliwa. Mfumo huo haujui nani alitunga. Unajua sauti hii imesajiliwa na nani. Kisheria hawakunikosea, kwa sababu niliwapa idhini kwa mkono wangu. Ila wanunuzi wangu wawili waliokuwa wamelipia nyimbo zile na kuziweka kwenye video za familia nao wakapata taarifa kama yangu, wakaniandikia wakiniuliza kama nimewauzia mali isiyo yangu. Hilo liliniuma kuliko mapato. Ilichukua wiki tano za kuandikiana ndipo kampuni ikaondoa madai.

Kwa hiyo ndugu Tungo, usiishie kwenye kifungu cha tatu. Omba mkataba uambatanishwe orodha ya chaneli zako ambazo hazitadaiwa, na uandikwe muda ambao madai yaliyotolewa kimakosa yataondolewa, kwa mfano siku tano za kazi. Kisha nenda kwa msambazaji wako wa kidijitali uangalie kama uliweka alama kwenye kile kisanduku kinachomruhusu naye kukusanya mapato ya video kwa niaba yako. Ukiwa umesajiliwa na wawili, kila mmoja atamdai mwenzake, na pesa zitazuiliwa hadi mgogoro uishe.

Mteuzi wa Muziki alijibu:

Mimi nipo upande wa pili wa meza. Kazi yangu ni kuwachagulia watengenezaji wa filamu muziki na kuhakikisha umelipiwa. Naomba nieleze kwa nini kampuni zinashikilia upekee, kwa sababu anayejua hofu ya mwenzake hupatana naye kwa urahisi zaidi.

Zamani maktaba nyingi za muziki, yaani kampuni kama hiyo iliyokuandikia, zilichukua nyimbo bila upekee. Mtunzi aliweza kuupeleka wimbo mmoja kwa maktaba nne, na kila maktaba ikausajili kwa jina jipya kwenye chama cha kukusanya mirabaha, yaani malipo ya mtunzi kazi yake inapotumiwa, ili wimbo ukipigwa kwenye televisheni ijulikane ni maktaba gani iliyouingiza. Mpango huo ulifanya kazi maadamu watu walikuwa wakijaza majina ya nyimbo kwenye fomu. Ilipokuja mitambo inayotambua wimbo kwa kusikiliza sauti yenyewe, majina manne ya sauti moja yakawa kitu kile kile mbele ya mtambo, na maktaba zikaanza kugombania mapato yale yale. Kwa upande wangu lilikuwa tatizo kubwa zaidi, kwa maana niliwahi kupokea wimbo mmoja kutoka kwa maktaba mbili, kwa majina mawili na bei mbili tofauti. Sikuutumia kabisa. Mteja anayelipia tangazo hawezi kukubali kwamba wiki moja baadaye atokee mtu wa tatu akidai naye ana haki.

Ndiyo sababu naona kwamba kampuni iliyokuandikia ina haki ya kutaka iwe mlango pekee wa watu wa filamu na matangazo. Haina sababu ya msingi ya kukuzuia kuuza kwa wasikilizaji. Kwa kweli mauzo yako hayanidhuru mimi hata kidogo. Mara nyingi mtazamaji akiupenda wimbo aliousikia kwenye filamu huutafuta aununue, na asipoupata popote hakuna anayefaidika. Ukiwaambia hivyo kwa utulivu, wengi watakuelewa.

Upekee pia una bei, na bei hiyo hupimwa kwa muda. Mwaka 2016 rapa wa kujitegemea Chance the Rapper aliipa Apple upekee wa albamu yake kwa wiki mbili tu. Mwenyewe alieleza hadharani mwaka uliofuata kwamba alilipwa dola 500,000 na kwamba mapatano yaliishia hapo. Si kila mtu atapewa fedha za namna hiyo, najua, lakini tazama umbo la mapatano: wiki mbili, kwa malipo, mali ikabaki kwa mwenyewe. Wewe unaombwa miaka mitano inayojirudia. Je, kuna malipo yoyote ya awali, au ni ahadi ya mgawo siku wimbo utakapopata mteja? Kama ni ahadi tu, omba miaka miwili, na omba kwamba wimbo usiopata mteja hata mmoja ndani ya muda huo urudi kwako bila masharti. Hata sheria zimeanza kulitambua jambo hili. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2019 kuhusu hakimiliki linazitaka nchi wanachama zimpe mtunzi uwezo wa kuibatilisha leseni ya kipekee pale kazi yake inapokaa bila kutumiwa.

Mpiga Besi alijibu:

Hakuna aliyegusa zile nyimbo mbili za mwisho, na mimi naona ndizo zinazoweza kukufikisha pabaya kuliko zote.

Wimbo wa Creative Commons huwezi kuutolea upekee kamili, kwa sababu leseni hizo hazifutiki. Ukiuondoa kwenye ukurasa wako leo, wale waliokwisha kuupata wanabaki na ruhusa yao. Kama ulichagua ile aina inayokataza matumizi ya kibiashara, bado unao upekee wa matumizi ya kibiashara wa kutoa, lakini lazima uwaeleze na iandikwe hivyo.

Wimbo wa biti usiuweke kabisa. Leseni ya bei ya chini kwa kawaida si ya kipekee. Prodyuza anaendelea kuwauzia wengine biti hiyo hiyo, na masharti yake mara nyingi yanakataza kusajili wimbo kwenye Content ID kwa sababu utawadai wenzako wote walioilipia biti hiyo hiyo. Kwenye mkataba wako kuna kifungu ambacho unathibitisha kwamba kila kitu ni chako na kwamba utailipa kampuni hasara ikigundulika vinginevyo. Kisome hicho kabla ya kusaini.

Tungo Tulivu aliandika tena:

Nawashukuru nyote kwa moyo wangu wote. Nimeusoma mkataba upya usiku wa jana nikiwa na majibu yenu kando. Kifungu cha makubaliano yote kipo, ukurasa wa nane. Kile alichokitaja Mpiga Besi kipo ukurasa wa sita, na kwa hali ilivyokuwa ningethibitisha jambo la uongo kwa nyimbo mbili kati ya sita. Neno "Kazi" limefafanuliwa kuwa ni "utunzi na rekodi", kwa hiyo hofu yangu ya jukwaani haikuwa ya bure.

Leo asubuhi nimewaandikia barua pepe. Nimeziondoa nyimbo hizo mbili na kueleza sababu, nimeweka maneno ya Kalamu neno kwa neno, na nimeomba miaka miwili. Swali limebaki moja: hicho "kitakachojirudia chenyewe" kinazuilika vipi? Na muda ukiisha, filamu zilizokwisha kuutumia wimbo zitaachwa zikiendelea?

Kalamu ya Mkataba alijibu:

Hilo la pili nianze nalo kwa kuwa ni jepesi zaidi: filamu au tangazo lililokwisha kupewa leseni ndani ya muda kwa kawaida litaendelea nayo kwa masharti yale yale, na ni haki, kwa sababu hakuna atakayekuja kung'oa muziki kwenye filamu iliyokwisha kutoka. Unachopaswa kuhakikisha ni kwamba mgawo wako kutoka kwenye leseni hizo za zamani utaendelea kulipwa hata baada ya mkataba kuisha, na kwamba tangu siku ya mwisho kampuni haitoi leseni mpya. Iandikwe pia kwamba watafuta usajili wao wa Content ID ndani ya siku thelathini, maana hilo husahaulika.

Kuhusu kujirudia, omba kifutwe na badala yake iandikwe kwamba mkataba utaongezwa kwa maandishi ya pande zote mbili. Wakikataa, basi angalau kipindi cha kujirudia kiwe mwaka mmoja, na uwe na haki ya kutoa taarifa ya kusitisha wakati wowote ndani ya miezi mitatu ya mwisho. Mikataba mingine hutoa mwanya wa siku chache tu katikati ya miaka mitano, na anayezikosa hufungwa kwa mitano mingine.

Kama wewe ni mwanachama wa chama cha kukusanya mirabaha, soma pia fomu uliyojiungia. Ukiwa ASCAP ya Marekani, unabaki na uwezo wa kutoa leseni mwenyewe. Ukiwa PRS ya Uingereza, haki ya kuonyesha utunzi wako hadharani umekwisha kuikabidhi kwa chama, na huwezi kuitoa mara ya pili kwa kampuni. Katika hali hiyo iandikwe kwamba leseni yako haigusi haki zilizo chini ya chama.

Tungo Tulivu aliandika tena:

Wamejibu jioni hii. Wamekubali maneno ya kubakiza mauzo na uimbaji wa jukwaani bila kubadilisha hata neno, wamekubali kuziacha nyimbo mbili, na kwenye muda wamesema miaka mitatu isiyojirudia. Chaneli yangu na ukurasa wangu wa mauzo vimeandikwa kwa anwani zake kamili kwenye kiambatisho. Kuhusu kufuta usajili wa Content ID ndani ya siku thelathini hawajasema lolote, kwa hiyo nimewaandikia tena na kalamu nimeiweka chini hadi wajibu.